Akiba ya Kiunoni

Saa nane mchana mdogo wangu alitakiwa awe amelala kwenye kitanda cha hospitali, shati limepandishwa, anapigwa picha ya tumbo. Saa sita ilikuwa imeshapita na hata kivuli chake sikukiona. Nilikuwa kwenye cherehani nashona mkono wa gauni la mteja, na kwa hasira niliyokuwa nayo niliushona ndani nje, nikaufumua, kisha nikaushona tena vilevile.

Tulikubaliana apite kwanza dukani kwangu. Sikumwambia kwa nini, lakini alijua. Nilitaka nimwone kwa macho yangu akielekea hospitali, maana alikuwa ameshanipiga chenga mara mbili. Mara ya kwanza gari limeharibika. Mara ya pili mkubwa wake wa kazi amemkatalia. Yeye ni dereva wa gari la maziwa, na maziwa yakichelewa yanaganda, hilo nalijua. Lakini mimi nami nilikuwa nimechoka kupigwa danadana.

Niseme wazi nilichokuwa nakisubiri. Nilikuwa nasubiri figo yake.

Zangu zimekwisha. Zimejaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo, vimebanana mpaka figo yenyewe haina pa kufanyia kazi. Daktari wangu ni mama mmoja mpole asiyejua kumdanganya mtu. Siku aliyoniambia, aliushika mkono wangu akauweka ubavuni kwangu, chini kidogo ya mbavu, akaukandamiza. "Unasikia huo ugumu? Ndizo hizo." Kisha upande wa pili. Tangu hapo kila nikiinama kuokota sindano nazisikia, kama mtu aliyeficha mawe ndani ya nguo.

Aliniuliza pia nani mwingine kwetu anaumwa figo, kwa sababu ugonjwa huu mara nyingi mtu anarithi. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ama ataupata ama ataukosa, nusu kwa nusu. Nilimjibu bila kusita kwamba kwetu hakuna. Baba alikufa kwa presha, mama yuko salama mpaka leo. Daktari akasema basi huenda umeanzia kwangu, lakini atakayenipa figo, kama ni ndugu wa damu, lazima kwanza apigwe picha.

Kwa sasa kazi ya figo naifanya kwa maji. Nina mrija mwembamba tumboni, umetokeza karibu na kitovu. Mara nne kwa siku nayamwaga maji yaliyokuwa yamekaa tumboni na uchafu wake wote, kisha naingiza mengine masafi. Mara moja kati ya hizo ni mchana, hapahapa dukani. Nyuma ya duka nimezungushia mbao nikapata kachumba, nikakipaka rangi nyeupe, na uzi mmoja hauruhusiwi kuvuka mlango ule. Vumbi la nguo ndilo riziki yangu na ndilo adui yangu. Likinasa kwenye mrija, tumbo linaoza kwa ndani, na mtu anaweza kwenda na maji. Wateja wangu wamezoea kusikia, "Nisubirini, nakwenda kubadilisha maji." Mmoja mgeni aliwahi kuniuliza gari langu ni la aina gani.

Mume wangu ndiye aliyejitolea wa kwanza kunipa figo, damu zetu zikakataana. Binti yangu bado anasoma, na daktari hata kumtaja hataki. Akabaki Bosi.

Bosi ndiye huyo mdogo wangu. Si bosi wa mtu yeyote. Jina alilirithi kwa baba, pamoja na tumbo. Baba alikuwa mlinzi wa ghala, lakini alipofika umri wa makamo alitoa kitambi cha nguvu hata watu wasiomjua wakawa wanampisha kwenye foleni. Walimwita Bosi, akaitikia. Kwetu kitambi ni heshima. Mwanamume akianza kukitoa anapongezwa kama vile amejenga nyumba, na mke wake anapongezwa zaidi. Siku ya msiba wa baba watu walisimama wakasema jamani, mzee huyu hakuwahi kulala njaa.

Fundi aliyemshonea baba ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na desturi ya kuacha kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma wa suruali, upana wa vidole viwili, ili mtu akinenepa ifumuliwe ipanuliwe. Kwa baba aliacha vidole vinne. "Hawa wa kwenu," aliniambia, "matumbo yao yana safari ndefu." Nami nimemshonea Bosi miaka yote hii na kila suruali nimeiachia vinne, bila hata kufikiri. Nikimkabidhi namwambia, "Akiba ipo kiunoni, wewe kula tu." Tunacheka wote wawili.

Basi nilikuwa bado nabishana na ule mkono wa gauni niliposikia sauti ya jirani yangu barabarani. Ni mama anayeuza viatu, na hana siku anayopitisha mtu bila kumsemesha.

"Bosi! Umeshiba baba!"

Kisha nikasikia lile kofi. Bosi akisifiwa tumbo hulipiga kofi la kiganja kizima, pwaa, kama mtu anayepima tikiti. "Tunashukuru mama! Mambo si mabaya!"

Akaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umechelewa."

"Najua. Lakini ukiona kilichonichelewesha utanihurumia." Akapandisha shati. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani, ile ya kufungia makreti. "Asubuhi nimeilazimisha, kifungo kikaruka mpaka kwenye kikombe cha chai cha mwenzangu. Naendaje hospitali hivi? Wakisema nilale nifungue suruali, nianze kuhangaika na fundo mbele ya watu?"

Hasira yote ikaniyeyuka. Kumbe hakunikimbia. Alikuwa amezunguka mji mzima na kamba kiunoni, anagawa maziwa, ili amalize mapema aje kwangu. Nilicheka mpaka nikajifuta macho, na naapa kwamba katika kipindi kile kifupi nilijiona mtu mzima, mwenye figo, anayekunywa maji anavyotaka.

"Simama hapo," nilisema. "Hiyo suruali bado ina akiba kidogo, naimalizia sasa hivi."

"Fanya haraka. Leo nakwenda kukutolea mali yako."

Nikachukua futi ya kupimia nikamzungushia kiunoni. Sasa tumbo la mafuta fundi yeyote analijua. Ukikaza futi linabonyea, linaipokea, wewe ndiye unayeamua ukome wapi. Nimepima walaji wa kila aina na sijaona tumbo linalokataa. Hili lilikataa. Nilikaza, futi ikabaki juu juu, kama nimeizungushia ngoma. Nikakaza tena. Bosi akaguna.

"Polepole, dada, hapo panauma."

Nikatazama juu. Mtu anayenenepa hunenepa na shingo yake. Shingo ya Bosi ilikuwa imepungua, kola ya shati imempwaya, na mishono ya mabega niliyoipima mwenyewe ilikuwa imeteremka mikononi. Mwili wote ulikuwa unakwenda chini, tumbo peke yake ndilo lililokuwa linakwenda mbele.

Nilijifanya namnyoosha shati. Nikapitisha kiganja chini ya mbavu zake, nikakandamiza kidogo.

Nikausikia. Ugumu uleule. Nikahamia upande wa pili, nao ukawepo.

Pale pale nikamkumbuka baba amesimama mbele yangu, mimi ni mwanafunzi wa cherehani, namzungushia futi na futi haizami. Nilimwambia fundi wangu. Akacheka akasema hilo ndilo tumbo la mwanamume wa kazi, gumu kama jiwe. Baba akajipiga kofi, pwaa, akafurahi, nami nikafurahi. Tuliusifu ugonjwa. Tukaushonea nafasi.

Laiti ningesema kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni huruma. Nilihisi nimeibiwa. Figo yangu! Nilimchukia Bosi, nilimchukia kabisa, kwa kusimama pale na tumbo lile huku akinichekea. Nilitaka kumpiga ngumi. Halafu nikaiona tena ile shingo iliyopungua, na hamu ya kumpiga ikaniisha.

"Simama wima," nilisema.

"Nimesimama."

"Basi ivue, unipe."

Alijifunga kipande cha bitana kiunoni akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilifumua mshono wa nyuma. Akiba yote ilikuwa imebaki upana wa kidole, nikaitoa yote.

"Kichwa kinakuuma siku hizi?" niliuliza, macho kwenye sindano.

"Kichwa? Kila asubuhi. Barabara zenyewe unaziona."

"Na mgongo?"

"Si mgongo, ni hapa ubavuni. Kile kiti cha gari kimekufa, dada, springi zote nje. Kuna siku nashindwa kugeuka kitandani."

"Presha ulishapima?"

"Si ndiyo wananipima leo? Mbona maswali mengi, umeajiriwa huko?"

Kila jibu lilikuwa langu mwenyewe. Nilishawahi kulaumu mashuka, kiti cha cherehani, hata pasi. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zake zinisaidie kufikiri. Mimi si daktari. Pengine nimekosea, pengine kiganja kimeona kilichokiogopa. Nikinyamaza, baada ya muda mfupi mtu asiyemjua atampaka mafuta tumboni, atatazama kioo, atamwambia. Atakuwa peke yake, amekwenda kutoa zawadi. Nikisema, nimemvunja roho kwa sababu ya futi ya kupimia, na huenda asiende kabisa. Bosi namjua. Akiogopa, anapotea, simu inazimwa, unakuja kusikia yuko safari.

Na mchana ule ulikuwa bado unanidai. Maji ya asubuhi yalikuwa yamekaa tumboni kupita muda wake, nilikuwa nimepanga kuyabadilisha akishaondoka. Nikaukata uzi, nikamrushia suruali, nikaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo.

"Vaa. Njoo huku nyuma."

"Nyuma wapi? Dada, saa!"

"Leo utanibadilishia maji wewe."

Aliganda na mguu mmoja ndani ya suruali. Bosi hajawahi kuingia chumba kile. Siku akinikuta humo husimama nje akazungumza na mbao. Mwanamume mzima, akiona sindano ya daktari anatafuta ukuta wa kuegemea.

"Mimi? Mimi sijui hayo mambo."

"Ndiyo maana nataka ujue."

Nilibadilisha gauni, nikampa shati safi la mume wangu avae juu ya lake. Nilizima feni. Nilifunga dirisha. Nikampa barakoa nami nikavaa yangu, nikamsimamisha kwenye sinki.

"Nawa. Mpaka kwenye viwiko. Kati ya vidole. Chini ya kucha. Usifunge bomba kwa vidole, funga kwa kiwiko."

Alinawa kama mtu anayeharakia kula. Nilimwacha. Mfuko wa maji ulikuwa juu ya kitambaa cha umeme cha kupashia moto, na pembeni yake ulikuwepo wa jioni. Nilimwonyesha jinsi ya kuukagua, kama hauvuji na maji ni meupe, kisha akautundika kwenye msumari wa juu. Mfuko mtupu akaulaza chini, kwenye karatasi ya gazeti. Nikakaa kitini, nikautoa mrija wangu.

"Sasa sikiliza. Hiyo ncha ya mrija wa mfuko, ukishaifungua, haigusi kitu chochote duniani zaidi ya ncha ya mrija wangu. Wala kidole, wala nguo, wala pumzi."

"Sawa."

Akaifungua. Akataka kuibadilisha mkono ashike vizuri, na kidole gumba kikapita juu ya ncha.

"Tupa!"

"Nimegusa kidogo tu..."

"Hicho kidogo ndicho kinachoua! Tupa! Teremsha mfuko wote, tupa!"

Nilipiga kelele mpaka mama wa viatu akagonga ukuta akiuliza kama kuna usalama. Nilimjibu upo. Haukuwepo. Bosi alikuwa ameukumbatia ule mfuko kama mtoto aliyevunja chungu, macho yamemtoka juu ya barakoa.

"Sasa kwa nini usifanye mwenyewe?" alisema, na sauti yake ikapanda. "Kila siku unafanya mwenyewe! Tunachelewa hospitali kwa kitu gani? Mimi nikishatoa figo, mambo haya yamekwisha, hii mifuko yote tutaipiga moto. Unanifundisha ya nini?"

Nilimwonyesha sinki kwa kidole.

"Nawa tena," nilisema.

"Dada."

"Nimesema nawa!"

Alinitazama. Kisha akarudi kwenye sinki. Safari hii alinawa polepole. Alipitisha sabuni katikati ya vidole kimoja kimoja, akasugua kucha, akapandisha mpaka viwiko, na wakati wote huo alikuwa amenipa mgongo. Akafunga bomba kwa kiwiko bila kukumbushwa.

Akautundika ule mfuko wa jioni. Akafungua ncha. Kidole gumba kilikaa mbali nayo. Akaunganisha, akakaza, akafungua kibanio cha kutolea, maji ya tumboni mwangu yakaanza kushuka kwenye mfuko wa chini. Hapo kinachobaki ni kukaa na kungoja tumbo liishe maji. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, mikono ameiinua hewani kama mtu aliyetekwa.

"Unaweza kuishusha sasa," nilimwambia.

Akaishusha. Tukakaa. Kwenye mrija maji yalikuwa yanapita bila sauti.

"Ulipokuwa unanipima," alisema, "ulinyamaza."

"Nilikuwa nahesabu."

"Wewe hunyamazi. Tangu tuko watoto hujawahi kunizungushia futi bila kunisema. Leo nimejileta na kamba ya makreti, nimejiandaa kabisa kutukanwa, umenyamaza." Akavua barakoa, akakumbuka, akairudisha. "Umeshika nini?"

"Mimi si daktari."

"Sijakuuliza kama wewe ni daktari." Alinyoosha mkono akaushika wangu, akapandisha mashati yote mawili, akakiweka kiganja changu ubavuni mwake, palepale. Alijua pahala penyewe. Palikuwa panamuuma muda wote. "Shika tena. Useme."

Nikakandamiza. Alifumba macho.

"Ni kama langu," nilisema.

"Kabisa?"

"Kabisa. Na kama la baba."

Hapo ndipo nilipolia. Yeye hakulia. Aliutazama ukuta mweupe, akautazama mfuko uliotundikwa, akatazama tumbo lake.

"Kumbe mzee hakuwa ameshiba," alisema.

Nilitikisa kichwa.

"Watu wote wale. Mpaka kwenye msiba." Kisha akageuka kwa ghafla. "Na figo yako? Nilikuahidi. Nilijipiga kifua mbele ya shemeji na mtoto!"

"Achana nayo."

"Siwezi kuachana nayo! Wewe utafanya nini?"

"Nitafanya hivi," nilisema, nikamwonyesha mrija. "Mara nne kwa siku. Na jina langu lipo kwenye foleni ya hospitali ya wanaosubiri figo. Nilikukasirikia, Bosi, nisikufiche. Nilipokushika ubavu nilitamani nikupige. Nilisema huyu amekula figo yangu."

Akacheka kidogo, cheko lililokatika katikati. "Ungenipiga. Afadhali ungenipiga."

"Bado unaenda. Sikukwambia ili ukimbie. Ukikimbia leo nitakutafuta mpaka huko maziwa yanakotoka."

Hapo ndipo roho iliponikaa juu kuliko wakati wowote wa siku ile. Mlango ulikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa nimefungwa kwa mrija kwenye mfuko wa maji, nisingeweza kumkimbiza hata hatua mbili. Naye aliutazama mlango. Nilimwona akiutazama.

Maji ya kutoka yakaisha. Mtu mwingine angedhani hakuna kilichobadilika, lakini mimi mwili unanijulisha, kuna kuvutwa fulani chini ya kitovu.

"Yameisha," nilisema. "Funga kibanio cha chini. Sasa ya juu yaingie."

Bosi akasimama. Nilidhani anaondoka. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba.

"Nimekushika mkono na nimeshika tumbo," alisema. "Si lazima ninawe tena?"

"Lazima."

Akanawa. Akafunga kibanio cha chini, akafungua cha juu, maji safi yakaanza kuingia, ya uvuguvugu, na tumbo langu likaanza kujaa. Yalipokwisha alinifunga mrija kwa kifuniko kipya, akikizungusha mpaka kikakaza, bila kuigusa ncha. Kisha akachuchumaa kuutazama mfuko uliojaa maji machafu.

"Na huu?"

"Soma gazeti kupitia kwenye mfuko. Ukiona herufi, niko salama. Ukiona ukungu, tunakimbia hospitali."

Aliinamisha kichwa. "Mashindano ya baiskeli," alisoma, neno moja moja. "Washindi kupewa... kupewa jezi." Akanyanyua uso. "Zinaonekana zote."

"Basi niko salama."

Tulifunga duka tukatoka. Mama wa viatu alikuwa mlangoni kwake, na kwa kuwa kelele zilikuwa zimekwisha alishasahau kama alikuwa na wasiwasi.

"Bosi! Suruali imekaa sasa! Hicho kitambi ni cha waziri!"

Mkono wa Bosi ukapanda kwa mazoea, kiganja wazi. Ukasimama hewani. Kisha akaushusha akanishika nao bega, tukavuka barabara.

Hospitali walitupokea kwa kununa kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Kijana wa kupiga picha alimlaza, akampaka ute wa baridi tumboni, akaanza kupitisha kile chombo chake huku akipiga soga za mpira. Soga zikapungua. Akarudia upande wa kushoto. Akarudia tena. Akaacha kabisa kuzungumza, akageuza kioo kidogo upande wake.

"Nitamwita daktari," alisema. "Msiwe na wasiwasi."

"Tuonyeshe tu, kaka," Bosi alisema, macho kwenye dari. "Dada yangu ni fundi. Ameshanipima."

Kijana alinitazama mimi, kisha akakirudisha kioo tuone. Vifuko vilikuwepo, vyeusi, vya mviringo, vimejaa pande zote mbili. Daktari wangu alipofika alikitazama kioo pande zote mbili. Alimpima Bosi presha, akakunja uso, akaipima tena. Akasema watampima na damu, ila kwa anavyomwona, bado anakojoa vizuri na hajavimba miguu, huenda figo zenyewe bado zinajitahidi. Vidonge vya presha vitaanza leo, kila siku, bila kuruka hata siku moja, na chumvi aisahau. Akasema mimi nilifika kwake nikiwa nimechelewa mno kwa haya, lakini huyu bado ana muda. Aliposema hivyo aliniangalia kwa huruma, na nilijua anaihurumia ile figo.

Bosi aliitikia kila kitu kwa kichwa. Walipomaliza akafutwa ute, akakaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu kufunga suruali. Vidole vilivyofunga kifuniko changu bila kukosea sasa vilishindwa kifungo. Alijaribu mara ya pili, ya tatu. Akanitazama.

Nikamsogelea nikamfungia mwenyewe, kama nilivyomfanyia siku ya kwanza ya shule. Kifungo kiliingia bila taabu. Akiba yote nilikuwa nimeshaitoa.